Taa kuwaka si cheti: Jinsi ya kumpima fundi wa stima kabla ya kumwachia nyumba

Na MWANDISHI WETU

MUULIZE mkazi yeyote wa mji wa Machakos akutajie fundi mzuri wa stima, naye hatakosa jina. Atakwambia kwamba fundi huyo alifika saa aliyoahidi, hakudai malipo ya juu, hakuacha vumbi sebuleni na, zaidi ya yote, swichi ilipobonyezwa taa ziliwaka. Kwa sifa hizo jina hupita kutoka kinywa hadi kinywa, tangu Kenya Israel hadi Mutituni, na kabla ya mwezi kwisha fundi yule amepata nyumba nyingine tatu.

Sifa hizo si za uongo. Ila hazigusi kile ambacho mwenye nyumba ananunua, kwa kuwa bidhaa yenyewe imefukiwa ndani ya ukuta na kupakwa plasta.

Taa huwaka hata kama waya wa ardhi haukuunganishwa popote. Birika huchemsha maji vizuri hata kama waya unaoleta umeme na ule unaourudisha vimebadilishana nafasi ndani ya soketi. Pasi hupata moto hata kama waya uliotumika ni mwembamba kuliko inavyostahili. Nyumba ya aina hiyo inaweza kukaa miaka mitano bila kisa, hadi siku friji inapopata hitilafu, umeme ukaingia katika bati lake, na mtoto akaja kuifungua akiwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Waya wa ardhi ungekuwepo, umeme ungepata njia ya kushukia ardhini na swichi ya usalama ingekatika papo hapo. Usipokuwepo, njia ni mtoto.

Ajabu ni kwamba watu wa Ukambani ni wakaguzi stadi wa vitu vingine vya ujenzi. Mchanga ukishushwa uwanjani, mwenye nyumba huutwaa mkononi na kuufikicha aone kama umechanganyika na udongo. Tofali huligonga na kusikiliza mlio wake. Lakini fundi wa stima akifika na mkoba wake, mwenye nyumba yule yule huketi kando na kumwachia kila kitu, kana kwamba umeme ni uganga.

Leseni kwanza

Nchini Kenya, kazi ya kuweka nyaya za umeme katika jengo si ya kila mwenye bisibisi. Mdhibiti wake leo ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 na kuchukua nafasi ya iliyokuwa Tume ya Kudhibiti Kawi, ERC. Mamlaka hiyo hutoa leseni kwa fundi mmoja mmoja na pia kwa mkandarasi, yaani kampuni inayoajiri mafundi hao.

Leseni zina madaraja. C2 ndilo la chini, na mwenye nalo hushughulikia nyumba ndogo zinazotumia umeme wa fezi moja, ambazo ndizo nyumba nyingi za familia. C1 humruhusu kugusa pia majengo ya fezi tatu yasiyo makubwa. B na A ni za kazi kubwa zaidi. Kwa hivyo anayejenga nyumba ya vyumba vitatu pale Mumbuni hana haja ya kutafuta fundi wa daraja la A na kumlipa kwa ukubwa wa cheo chake. Lakini anayeinua jumba la kupangisha kule Mlolongo au Syokimau asikubali kuonyeshwa C2 na kuridhika.

Watu wengi huchanganya leseni na vyeti vya masomo. Fundi anaweza kukuonyesha cheti cha chuo cha kiufundi, au cheti cha majaribio ya ufundi kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambacho huanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Hivyo ni vyeti halali na vya kuheshimiwa. Vinathibitisha kwamba siku ya mtihani mwenye navyo aliifanya kazi ikakubalika. Leseni ni jambo jingine: inamaanisha kwamba anaruhusiwa kisheria kuifanya kazi ya umma na kwamba ikiharibika pana mahali jina lake limeandikwa.

Kuihakikisha hakuna ugumu. Mwombe nambari ya leseni pamoja na kitambulisho, utazame kama majina yanalingana na kama tarehe ya leseni haijapita, kisha utafute jina hilo katika orodha ya mafundi wenye leseni ambayo EPRA huiweka wazi katika tovuti yake. Fundi halisi hatanuna. Atakayekwambia kwamba leseni ameisahau nyumbani, mwache aende akailete.

Ni haki kusema pia kwamba wapo mafundi wengi hodari wasio na leseni. Kijana aliyejifunza kazi kwa kumbebea mjomba wake ngazi kwa miaka kumi anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko mhitimu wa stashahada, ila hana karatasi za kuombea leseni wala ada ya kulipia. Huyo hatupwi. Anaweza kufanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni, na hivyo ndivyo mafundi wengi walivyopanda. Jambo la kusisitiza ni kwamba msimamizi awe ni mtu anayefika pale kazini kwa miguu yake, asiwe ni jina tu.

Sahihi ya kukodi

Hapo ndipo penye jipu. Kabla ya Kenya Power kufunga mita, mwenye nyumba hutakiwa kuwasilisha cheti cha kukamilika kwa kazi, kilichotiwa sahihi na fundi au mkandarasi mwenye leseni. Kwa sahihi hiyo mtu anakiri kwamba kazi imefanywa kwa kufuata kanuni na kwamba ameipima. Ndiyo karatasi pekee katika safari nzima ambapo mtaalamu anaweka jina lake rehani kwa ajili ya usalama wa wakazi wa nyumba.

Sasa tuseme mama mmoja anajenga Mutituni. Amepata fundi kwa bei nafuu, kazi imekwisha, plasta imekauka, rangi imepakwa. Siku ya kuomba mita fundi anamwambia, "Mama, usijali, kuna jamaa yangu mjini atatuwekea muhuri, ni pesa kidogo tu." Mama anatoa pesa, karatasi inarudi ikiwa na muhuri na nambari ya leseni, mita inafungwa. Aliyetia sahihi hajawahi kuiona nyumba hiyo. Hajui kama ina waya wa ardhi au haina. Amekodisha jina lake, na mama, bila kujua, amelipa mara mbili kwa kazi ambayo haikukaguliwa hata mara moja.

Mkipatana vizuri mwanzoni, hila hiyo inakosa nafasi. Swali la kwanza kabisa kumuuliza fundi, kabla hata ya bei, ni hili: "Fundi, nani atatia sahihi cheti cha kukamilika?" Akisema ni yeye, aonyeshe leseni yake. Akisema ni mwingine, huyo mwingine aje azungumze nawe, na mwafikiane kwamba atafika mara mbili: mara moja kabla ya plasta kupigwa, na mara ya pili siku ya kupima. Asiyeweza kuja mara mbili hafai kulipwa kwa sahihi.

Katika upimaji wangu binafsi, jibu la swali hilo lina uzito kuliko sifa za majirani kumi.

Kumuuliza mteja wa zamani

Hii haina maana kwamba majirani wasisikilizwe. Nchini Marekani, kampuni ya Angie's List ilianza mwaka wa 1995 kwa kukusanya maoni ya wenye nyumba kuhusu mafundi waliowatumia, na hapa Nairobi kampuni ya Lynk ilianza 2015 kuwaunganisha wateja na mafundi, wateja wakiwapa alama baada ya kazi. Mpango wa alama hufichua mlevi, mwizi, mchelewaji na mtu wa kuchukua malipo ya awali akatoweka. Hayo si mambo madogo. Lakini mteja hutoa alama siku kazi inapokwisha, ilhali kasoro za umeme hujitokeza baada ya miaka.

Kwa sababu hiyo, ukipewa majina ya wateja wa zamani, mchague yule aliyefanyiwa kazi miaka mitatu au minne iliyopita, si wa mwezi jana. Wala usimuulize, "Je, fundi ni mzuri?" Kwa adabu zetu atajibu ndiyo. Muulize ni mara ngapi alilazimika kumwita tena, na kama aliitikia. Muulize kama kuna soketi iliyowahi kubadilika rangi ikawa ya kahawia, au kunusa mpira unaoungua. Muulize kama kuna mtu aliyewahi kupigwa na shoti bafuni.

Kisha muulize swali hili, ambalo huwatenganisha mafundi upesi sana: zile swichi za usalama ndani ya kisanduku kikuu, ambazo mafundi huziita breka, zilipokuwa zikikatika mara kwa mara, fundi alifanya nini? Fundi wa kweli hutafuta kwa nini inakatika. Atazima vifaa kimoja kimoja, atafungua soketi, atapima waya. Fundi wa kubahatisha huondoa breka ya ampea 20 na kuweka ya ampea 32, na mwenye nyumba humshukuru kwa kuwa kero imekwisha. Kumbe breka ilikuwa ikiulinda waya usiungue, na sasa waya umebaki bila mlinzi. Ukisikia habari ya namna hiyo, jina hilo lifute, hata kama mwenye kulisifu ni mjomba wako.

Tahadhari moja zaidi: pendekezo la mwenye duka la vifaa vya ujenzi lisikilize kwa sikio moja. Si kwamba wenye maduka ni watu wabaya, bali mara nyingi fundi anayekuleta dukani hupewa kitu kidogo, na anayependekezwa dukani huenda analipa fadhila kwa kuandika orodha ndefu ya vifaa.

Ukuta ungali wazi

Wakati wa thamani kubwa kuliko wote ni siku mbili au tatu kabla ya plasta. Nenda ukatazame. Huhitaji kuwa mhandisi.

Nyaya zinapaswa kupita ndani ya mabomba ya plastiki, si kulazwa zikiwa tupu katika mfereji uliochimbwa ukutani. Mabomba yasijazwe nyaya hadi zisivutike. Soma maandishi yaliyochapishwa juu ya waya wenyewe: unene huandikwa hapo. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba, na soketi za kawaida 2.5.

Kifaa kinachowaaibisha mafundi wengi ni bomba la kuogea linalopasha maji moto papo hapo, ambalo limeenea sana katika nyumba zetu. Bomba la wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23, wakati soketi ya kawaida imeundwa kwa ampea 13 tu. Kifaa hicho kinahitaji waya wake peke yake kutoka kisanduku kikuu, usiopungua milimita 4 za mraba, na waangalifu huweka 6 kwenda juu, pamoja na swichi kubwa yake. Ukikuta fundi ameutega kutoka kwa waya wa soketi ya chumba jirani, umeshapata alama yake bila kuuliza mengine.

Waya wenyewe nao uchunguze. Kuna nyaya sokoni ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Chukua kipande kilichotupwa, ukikwaruze kwa kisu: shaba halisi hubaki nyekundu, ile ya bandia huonyesha weupe. Bidhaa halali huwa na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, pamoja na nambari ya kibali, na nambari hiyo inaweza kuhakikishwa kwa arafa ya simu. Mara nyingi hapa kwetu mwenye nyumba ndiye anayenunua vifaa na fundi hulipwa ufundi tu, kwa kila pointi ya taa au soketi. Utaratibu huo unampa fundi kisingizio kizuri: kikiungua, vifaa vyako vilikuwa vibaya. Basi aandike orodha inayotaja unene wa kila waya na ukubwa wa kila breka, na uilinganishe na ya fundi wa pili kabla ya kwenda dukani. Orodha mbili zikitofautiana sana, waulize wote wawili sababu. Majibu yao yatakufunza mengi.

Kama nyumba ni ya zamani na unaiongezea chumba, kuna mtego wa rangi. Nyumba za zamani zilitumia waya mwekundu kuleta umeme na mweusi kuurudisha. Mtindo mpya ni wa kahawia na buluu. Kwenye fezi tatu, mweusi wa mtindo mpya unaleta umeme, na buluu wa mtindo wa zamani ulikuwa ukileta umeme. Muulize fundi atafanyaje pale rangi mbili zinapokutana. Anayejua ataeleza, tena atakwambia atabandika alama. Asiyejua atacheka na kusema waya ni waya.

Siku ya kupima

Fundi aliye na testa peke yake, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, hawezi kupima nyumba. Testa humwonyesha pana umeme au hapana, basi. Kuna mashine ya kupima kama ngozi ya nyaya ni nzima, ambayo wengi huiita Megger kwa jina la watengenezaji wake. Hupeleka volti 500 katika nyaya kabla ya umeme wa Kenya Power kuunganishwa, na kipimo hakipaswi kuwa chini ya megaomu 1. Iliyo nzuri hupita hapo kwa mbali sana. Mwombe fundi akusomee tarakimu na aiandike kwenye karatasi.

Machakos ina shida yake ya pekee, nayo ni ardhi. Waya wa ardhi huishia kwenye chuma kilichokitwa nje ya nyumba, na chuma hicho hufanya kazi vyema katika udongo wenye unyevu. Miteremko ya Iveti na Mua ina mawe, na kwingineko changarawe hukauka ikawa kama tanuri kati ya Juni na Oktoba. Chuma kilichopimwa Novemba, mvua ikinyesha, kinaweza kutoa kipimo cha kupendeza ambacho Septemba hakipo tena. Wengine huzika chumvi na makaa kando ya chuma ili kuboresha kipimo. Hufaulu kwa muda, kisha mvua huosha chumvi, na chumvi yenyewe hula chuma. Fundi anayejua eneo hili atapendekeza kukita chuma kirefu zaidi, au viwili vilivyoachana, na atakuomba aje apime tena kiangazi. Huyo mwongezee alama.

Aidha, sisitiza kuwekwe ile swichi inayokata umeme unapovuja hata kidogo, kwa kipimo cha miliampea 30. Inagharimu zaidi ya breka ya kawaida, lakini hukatika kabla moyo wa binadamu haujapata madhara, na ndiyo kinga ya ziada katika ardhi kavu kama yetu. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mwenyewe mbele ya fundi: umeme usipokatika, kazi haijakwisha.

Malipo yafuate hatua hizo. Sehemu itoke mabomba yanapokamilika, nyingine nyaya zinapovutwa, na sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, ibaki mkononi mwako hadi vipimo viandikwe na mwenye leseni atie sahihi mbele yako. Tuma kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Mafundi wazuri hawalalamikii mpango huu ukielezwa mapema. Wanaolalamika ni wale ambao mteja aliwahi kuwakatia malipo bila sababu, na hao pia wana haki ya kusikilizwa, kwani wapo wenye nyumba wajanja wanaogeuza salio la mwisho kuwa akiba yao.

Fundi anapoondoka, akuachie nakala ya cheti, karatasi ya vipimo, na kisanduku kikuu kilichoandikwa kila breka inalinda nini. Wewe nawe, kabla mpiga plasta hajaingia, pita chumba hadi chumba na simu, upige picha kila ukuta ukionyesha mabomba yalipopita. Siku utakapotaka kutundika kabati la jikoni, utajua pa kutoboa.